Kibaba Kilikuwa cha Nani

Irja, mwezi wa sita siji.
Usitandike kile kitanda cha chumba cha juu,
wala usimtume Tauno bandarini kununua kamba koche.
Ndege yangu nimeipoteza kwa simu, nimeketi jikoni,
soksi miguuni, kahawa mkononi,
na nje theluji ya Aprili ikijifanya bado Januari.

Ilikuwa hivi. Kadi ile ya rangi ya dhahabu
hutozwa dola mia na thelathini na tisa kila mwaka,
si kwa kununua kitu, ni kwa kuwa nayo tu,
kama kulipia mwavuli uliofungwa.
Nikasema: dereva wa basi la shule, dhahabu ya nini?
Nibadilishie, nipe ile isiyo na ada.
Binti wa benki, Delphine, sauti ya asali iliyopashwa moto,
akasema, "Bila shaka. Dakika mbili."
Zikawa mbili kweli.
Benki haijawahi kunihudumia upesi vile.
Hapo ndipo ningeshtuka.

Usiku nikafungua ukurasa wa pointi, kama ilivyo ada yangu,
kama mtu achunguliaye kinyunga kama kimeumuka.
Sifuri.
Si "subiri kidogo". Si "kuna hitilafu".
Sifuri, mviringo, safi, sahani iliyolambwa.

Zilikuwa elfu sitini na moja, mia tatu na arobaini.
Nazijua kwa sura, Irja.
Matairi ya theluji, mwaka ule barabara ya Kakabeka ilipoganda kioo.
Mtambo wa joto uliokufa mkesha wa Krismasi,
fundi akaja na bei ya Krismasi.
Mbwa alimeza soksi, akapasuliwa, akapona, akameza nyingine.
Petroli ya wiki kumi na moja, hospitali na nyumbani,
mama akiniuliza kila jioni kama nimekula.
Maua yake ya mwisho: pointi mia mbili na kumi na nne.
Nilizihesabu palepale dukani, macho yamevimba,
risiti mkononi, nikazihesabu.
Hilo sijamwambia mtu.

Nikapiga tena. Akapokea mwanamume.
Akanisomea kifungu polepole, kama asomaye wosia
wa tajiri ambaye hakunitaja:
pointi ni za mpango, mpango ni wa kadi,
kadi umeifunga mwenyewe.
Ungezitumia kwanza, ndipo ubadilishe.
Imeandikwa, ukurasa wa tisa.

Ukurasa wa tisa ninao.
Nimeukunja chini ya mguu wa meza isiyumbe.

Haba na haba hujaza kibaba, wanasema.
Miaka sita nimejaza.
Sikuuliza kibaba chenyewe ni cha nani.

Sikulia. Nilicheka, kile kicheko
cha mtu aliyekanyaga reki mpini ukampiga puani.
Kisha nikachukua mkasi, nikaikata dhahabu vipande vinne;
kimoja kimebaki na nusu ya jina langu.
Sijui kwa nini sijakitupa.

Septemba nitakuja. Kwa pesa, Irja,
pesa zenyewe, zile zenye nyuso.
Ada niliyookoa haitanifikisha hata Sudbury,
lakini ni mwanzo, na ni yangu.

Kadi mpya imefika. Nyeupe, nyepesi,
hainidai kitu, hainipi kitu, tunaelewana.
Jana nimeenda nayo dukani. Kwenye kaunta
yule mvulana wa Kowalchuk niliyekuwa nikimpeleka shule,
sasa ana ndevu tatu nne, akaniuliza,
"Unakusanya pointi?"
Mkono ukaenda mfukoni wenyewe, ukarudi.
Nikasema, sikusanyi.
Akanipa siagi yangu.
Nikatembea nayo hadi garini, baridi kwenye kiganja,
nzito kiasi chake,
na mara ya kwanza baada ya miaka sita
ilikuwa siagi tu.